Pa Kura Ni Hapa

Ukiandika jina la hoteli yetu kwenye simu, ule mtambo wa kutafuta mambo mtandaoni unakuletea kwanza jina lenyewe kwa maandishi makubwa, halafu chini yake unapanga majina madogo madogo ya kubonyeza, kila moja likikupeleka kwenye ukurasa wake. Siku hizi yanasema "Chakula", "Vyumba", "Njia ya Kufika". Yameandikwa sawasawa, hakuna mwalimu angeyapigia mstari mwekundu. Nami kila nikiyaona moyo unaniuma. Kwa miaka kadhaa jina la kwanza hapo lilikuwa "Pa Kura", na hiyo kura haikuwa ya uchaguzi. Ilikuwa ni mume wangu anakaribisha watu waje wale.

Mume wangu hayupo tena. Nalisema mapema ili mtu asisome akitarajia atatokea mlangoni.

Alikuwa mtu wa Tetu, na Kikuyu chake hakina l. Kila l iliyofika kinywani mwake ilitoka ikiwa r, na ch mara nyingine ikatoka sh. Mimi kwetu ni Kitui, na sisi Wakamba r ndiyo hatuna. Baba yangu alikwenda kaburini akisema "balabala". Tulipokutana nilikuwa nimetumwa kufundisha Kiswahili shule ya msingi huko Tetu, naye alikuwa dereva wa lori la mboga. Kwake lilikuwa rori. Kwa watu wangu lingekuwa loli. Lori lenyewe halikujali, liliendelea kubeba kabichi.

Lakini mimi r niliipata. Niliipata chuoni kwa jasho, nikisimamishwa mbele ya wenzangu niseme "barabara ya kurudi" huku wakishika mbavu kwa kicheko. Mtu aliyepata kitu kwa taabu namna hiyo hawezi kukaa kimya akimwona mwenzake anakitapanya ovyo. Nilimrekebisha tangu siku ya kwanza. Siku aliyonitaka uchumba alikuja amevaa koti la kuazima, akasema, "Mwarimu, mimi nataka tukae pamoja, tukure pamoja, turare pamoja."

"Tulale," nikamrekebisha.

Akaruka juu. "Umekubari!"

Sikuwa nimekubali chochote, nilikuwa nasahihisha. Lakini alifurahi mno, nikaona aibu kumkatiza, na baadaye nikaona hata mimi nilikuwa nimefurahi. Ndivyo tulivyooana.

Mgongo wake ulipochoshwa na usukani tulichukua jengo hapa Chaka, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Chini tukaweka meza za kulia, juu vyumba vichache vya wageni, choo nyuma. Alikuwa amekaa barabarani muda mrefu na alijua msafiri anataka nini. Anataka kula, au kulala, au choo, na mara nyingi anataka choo kwanza ila anaona haya kuuliza. Basi mume wangu alisimama mlangoni kutwa, jaketi nzito, kofia ya sufu imevutwa mpaka nyusi, akimwambia kila anayeshuka garini: "Karibu! Pa kura ni hapa, pa kurara ni juu, choo iko nyuma."

Nami nikishatoka shuleni, niko jikoni, dirishani: "Kula! Kulala!"

"Si ndiyo hiyo nimesema?"

Mwenyewe hakusikia tofauti, na wageni wake walikuwa hivyo hivyo. Mimi peke yangu ndiye niliyeteseka.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyesomea mambo ya kompyuta. Sasa anaishi Kenol na mumewe na anawatengenezea wafanyabiashara tovuti. Ya kwanza kabisa aliitengenezea hoteli yetu, akiwa bado chuoni. Alipanga kurasa zake, akaacha nafasi za kujaza maneno, akampa baba yake simu. "Baba, andika vile ungemwambia mgeni."

Basi akaandika vile vile. Aliketi kando ya jiko alasiri nzima, miwani puani, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kuku anayedonoa mahindi. Alipomaliza, kurasa zilikuwa na majina: "Pa Kura", "Pa Kurara", "Choo", na "Njia ya Kufika", hii ya mwisho akiipatia kwa bahati tu kwa kuwa haina l. Ndani ya ile ya kwanza alikuwa ameandika: "Baridi ya Chaka sio mshezo. Ingia. Shai iko, chakura iko, yote ni moto."

Haki nilishika kichwa. Nikanyoosha mkono nichukue simu nirekebishe.

Akaificha nyuma ya mgongo. "Wacha. Wenye watakuja hapa wanaongea kama mimi. Hiyo yako ni ya mtihani."

"Ni aibu! Mimi nafundisha Kiswahili, na mume wangu anaandika 'chakura'?"

"Waambie hukunifundisha. Waambie nirikataa shure."

Binti naye akacheka, akarudi chuoni kwake, na tovuti ikabaki ilivyo. Nilinuna siku nzima. Nilimpakulia chakula bila kumwambia neno, naye akala akanishukuru kwa sauti kubwa ili wateja wasikie.

Baadaye, baada ya miezi, mteja mmoja akatuonyesha simu yake. Alikuwa ametafuta jina letu, na chini ya jina palikuwa pamejipanga yale majina manne. Mume wangu aliduwaa. Alimpigia binti simu papo hapo, akaiweka kwa sauti ya juu mezani.

"Umewaripa hawa watu?"

"Nani, Baba?"

"Hawa wametuandikia majina hapa chini!"

Binti akatueleza kwamba hayo ni viungo vya ziada. Mimi niliyekuwa nakatakata vitunguu niliposikia viungo nilijua ni vya pilau, nikauliza ni lini tumepika pilau hapa. Walinicheka baba na mtoto mpaka nikatishia kuzima jiko. Kumbe viungo ni hivyo vijina vya kubonyeza, vinavyounganisha ukurasa na ukurasa. Neno moja, kazi mbili, na sikumbuki kulifundisha hivyo.

"Na nani anavichagua?" nikauliza.

"Hakuna mtu, Mami. Ni mtambo wenyewe. Unapita kwenye tovuti kama mgeni anayekagua nyumba. Unaangalia mlango wa mbele unaelekeza wapi. Unaangalia kila chumba kimeandikwa nini juu, kama jina linaeleweka au linachanganya. Halafu unapima kama kitamsaidia mtu anayetafuta afike haraka. Ukiona kinafaa unakiinua juu, mtu asihangaike kuzunguka. Usipoona cha maana hauweki kitu."

"Na mtu akitaka achague mwenyewe?"

"Hawezi. Anachoweza ni kupanga nyumba yake vizuri, aweke majina ya wazi, aunganishe kurasa za maana na ule wa mbele. Ukurasa asioutaka kabisa anaweza kuuficha. Lakini kuamuru mtambo uonyeshe hiki, hapana."

Mume wangu alikuwa akitazama mlangoni. Akasema, "Si ndiyo kazi yangu hiyo? Mgeni akishuka namwangaria, najua anataka nini, namwambia ni wapi. Huo mtambo unanifuata mimi. Na hauvai hata jaketi."

Alijivuna kwa jambo hilo kwa muda mrefu. Kila aliyeingia alionyeshwa.

Ukaja uchaguzi. Watu wengi wa huku Kieni hawakuwa na hakika wapigie kura kituo gani, wakawa wanauliza simu zao. Wanaandika "pa kura Chaka", wengine "kura ni wapi Chaka", na mtambo, maskini, ukitafuta mahali palipoandikwa wazi kwamba ni pa kura, unawaletea sisi. Tulikuwa ndio pekee tulioandika hivyo bila kuzunguka.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mwenye shuka begani na kitambulisho mkononi, asubuhi ya baridi kali, ukungu bado umekaa barabarani.

"Ni hapa pa kura?"

"Ndiyo! Pa kura ni hapa. Ingia, keti hapo karibu na moto."

Mama akaketi wima, kitambulisho mapajani. Mume wangu akafuta meza, akainama kwa adabu. "Haya mama, utakura nini?"

Mama akatazama kushoto na kulia. Akashusha sauti. "Hiyo ni siri yangu."

"Siri?" Mume wangu alichanganyikiwa kabisa. "Sasa mama, nitakureteaje kama ni siri?"

Nilitoka jikoni mbio na unga mikononi kuwaamua, maana mama alikuwa ameanza kusimama akisema wizi umeanza mapema. Nilipomweleza, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akaagiza chai na mandazi. Mume wangu alicheka akishikilia mlango. Wakaja wengine, na wengine, na kila mmoja alipofika yule mama alimwahi: "Karibu, kura ni hapa, lakini ni ya tumbo!" Hatukuwahi kuuza mandazi kama siku hiyo.

Tangu hapo sokoni pote wakatuita Kituo cha Kura. Saa ya chai wauza viazi wakawa wanaambiana, "Twende kituoni tukapige ya saa nne." Vijana wakapiga picha ule ukurasa, wakatumiana, na hata watu wa mbali wakawa wanaufungua wacheke. Binti akasema baba yake ameharibu kabisa. Sasa mtambo umeuona ule ukurasa unapendwa kuliko yote na utaushikilia hapo juu. Baba mtu akasema wacha ushikiliwe.

Kisha akaugua kifua. Hakuugua muda mrefu. Tulimzika Tetu kwa wazazi wake, pembeni ya mashamba ya chai, mvua ikinyesha, na nikarudi Chaka kuendesha hoteli peke yangu.

Nitasema jambo moja waziwazi, maana watu hulizunguka. Sura ya mtu haipotei. Picha ninazo tele, zipo ukutani, zipo kwenye simu. Kinachopotea ni sauti. Simu yake ilikufa baada yake, ikafa na jumbe zote za sauti alizowahi kunitumia, zile za "Mwarimu, niretee sufuria". Kwangu sikuwa nimehifadhi hata moja. Nani huhifadhi ujumbe wa sufuria? Kanda ya harusi ilishikwa na ukungu zamani. Nikiwa jikoni nilikuwa najaribu kumsikia kichwani akisema neno lolote, na mwanzoni nilimsikia, baadaye nikawa nasikia maneno yake kwa sauti yangu mwenyewe, yamenyooka, kila l mahali pake. Hapo ndipo niliogopa. Nilikuwa namsahihisha hata akiwa kaburini.

Basi nikagundua ule ukurasa. Namaanisha, ulikuwepo siku zote, lakini sikuwa nimeufungua tangu msiba. Niliandika jina la hoteli, na pale chini pakaandikwa "Pa Kura". Nikausoma, na r zake zikanilazimisha kusoma kwa mdomo wake. Huwezi kusoma "shai iko, chakura iko" kwa sauti ya mtu mwingine. Nilijifungia stoo nikalia kama mtoto.

Ikawa ndiyo desturi yangu. Asubuhi, maziwa yakiwa motoni, naandika jina letu, namwona amesimama pale chini ya jina la hoteli anaita watu. Namfungua, namsoma, naendelea na kazi. Nilipenda zaidi kwamba si mimi niliyemweka pale. Mtambo usiomjua mtu, usio na huruma na mtu, ulikuwa umepita ukaamua huyu anafaa kuwa mbele. Na wageni wasiomjua walikuwa wakimsikia kabla hawajafika.

Shida ilianza jengo jipya lilipopanda upande wa pili wa barabara. Hoteli ya ghorofa, vioo vitupu. Ukitafuta jina lao, chini yake vinakuja "Vyumba", "Mikutano", "Picha". Ukitafuta letu, "Pa Kura", "Pa Kurara", "Choo". Wenyeji waliendelea kuja kula, lakini wageni wa kulala, wale wanaopanga safari wakiwa Nairobi, wakakatika. Vitanda vya juu vikakaa vimetandikwa na baridi, blanketi hazikunjuliwi. Siku moja mwanamke akapiga simu akitaka ahamishiwe kituo cha kura. Nikamwambia sisi tunapika. Akaniambia basi tusiwadanganye wananchi, akakata. Mjinga mkubwa!

Binti akaja kutoka Kenol, akakaa kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele yake. "Mami, hii tovuti lazima tuibadilishe. Kwenye simu za siku hizi inafunguka vibaya. Na yale majina."

"Yana nini?"

"Mami."

"Nimeuliza yana nini?"

"Mtu wa Nairobi anatafuta chumba, anaona 'Pa Kurara' na 'Choo'. Atakuja kweli? Mimi ndio kazi yangu hii. Wateja wangu wakijua hii ni ya kwetu watanicheka."

"Wakucheke! Walikuwa wapi ulipokuwa unalelewa na hicho choo?"

Tulirushiana maneno, sitaki kuyaandika yote. Yeye akasema mimi ndiye niliyemkatia baba yake kila neno na sasa najifanya mlinzi wa makosa. Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikamwambia kosa likiandikwa na mtu umpendaye na mtu huyo akafa si kosa tena. Akaniuliza ni sheria ipi ya sarufi. Nikageuka nikakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

Akaja akasimama karibu nami. "Ungemuuliza yeye, angetaka nini? Vitanda vikae vitupu?"

Hapo alinishinda. Yule mtu alikuwa anasimama kwenye ukungu akiita magari yasiyosimama. Hangevumilia kitanda kitupu kwa ajili ya jina lolote, hata lake. Nikamwambia haya, badilisha. Lakini maneno ya baba yako usiguse hata herufi. Tukakubaliana hivyo: atatengeneza kurasa mpya zenye majina safi na kuziunganisha na mlango wa mbele, na ule wa baba yake atauacha kama ulivyo, umeunganishwa kwa kiungo kidogo huko chini kabisa ya ule wa mbele.

"Lakini mtambo ndio utakaoamua utoe upi mbele," akasema. "Hilo sikuahidi."

Nikasema sawa. Nilidhani mtambo unamjua.

Kwa muda hakuna kilichobadilika, nikaanza kutabasamu peke yangu. Kisha asubuhi moja "Choo" haikuwepo. Baada ya hapo "Pa Kurara" ikawa "Vyumba". "Pa Kura" ilibaki peke yake kati ya majina mapya, nikawa naifungua hata mara nyingi kwa siku, nikawaomba wauza viazi nao waifungue. Walifungua mara moja, wakacheka kidogo, wakarudi kwenye viazi vyao. Kila mtu ana kazi zake. Halafu nikaamka, nikaweka maziwa motoni, nikaandika jina letu, na pale chini pakasema "Chakula".

Nilimpigia binti. "Kimetoka."

"Nimeona, Mami."

"Mwambie akirudishe."

"Nimwambie nani? Si mtu."

"Hakuna ofisi? Hakuna mtu wa kwenda kuona?" Maana kwetu hapa hakuna jambo lisilo na mtu wa kwenda kuona. Hata ardhi ina mtu.

"Hakuna, Mami. Mtambo unaangalia kinachowasaidia watu. Sasa watu wanatafuta vyumba, wanatafuta chakula. Ukurasa wa Baba upo, haujafutwa. Ila hautolewi mbele."

Na wageni walirudi, lazima niseme kweli. Vitanda vilipata watu, blanketi zikafuliwa tena. Wanakuja na mabegi ya magurudumu, wanauliza kama kuna maji moto, wanapiga picha mlima ukiwa wazi asubuhi. Ni watu wazuri. Wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba baridi ya Chaka sio mshezo.

Nikajaribu kumtafuta kwa njia nyingine. Niliandika kwa mkono wangu, mimi mwalimu, "pa kura Chaka", kama walivyoandika wale wa uchaguzi. Mtambo ukanijibu kwa adabu: "Je, ulimaanisha: pa kula Chaka?"

Niliipigia simu kelele. "Hapana! Nilimaanisha nilivyoandika!" Mpishi aligeuka akanitazama, nikajifanya ninaongea na mtu. Nikasogeza chini, nikasogeza zaidi, nikapita matangazo ya shule na ramani na hoteli ya vioo, sikumwona. Nikajua kilichotokea. Watu walikuwa wameacha kumtafuta. Hawakumchukia, hawakumsahau kwa ubaya, walikuwa tu na mambo mengine ya kutafuta. Niliyebaki kumtafuta ni mimi, na mtu mmoja hausogezi mtambo.

Nilimpigia binti tena, si kwa hasira. Nilimwambia nataka anitumie anwani ya ule ukurasa niihifadhi, maana kile kiungo kidogo cha chini macho yangu hayakipati. Huko Kenol nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi, utingo wa matatu wanaita abiria wa Sagana.

"Mami," akasema, "mimi huwa naufungua pia."

"Wewe?"

"Nikiwa nimechoka na kazi. Naandika anwani yake yote, kwa r."

Mtoto niliyemsomesha, anayeongea Kiingereza mpaka pua inatetemeka, aliyeona aibu mbele ya wateja wake. Nikamuuliza kama anao hapo karibu. Akasema uko wazi mbele yake. Nikamwambia basi unisomee, kwangu miwani ina mvuke.

Akaanza kusoma kama mtu anayesoma habari, harakaharaka, kwa sauti yake ya Nairobi. Alipofika katikati sauti ikabadilika. Hakuiga. Nadhani r zile zilimshika ulimi kama zilivyonishika mimi, na yeye ni wa damu, ulimi wake ulizijua. Ikawa nzito kidogo, ikavuta pale ambapo baba yake alikuwa anavuta.

"'Mwenye kupika ni bibi yangu. Ni mwarimu. Akikurekebisha Kiswahiri usikasirike, keti tu ukure. Ndiyo vire hupenda watu.'"

Akasimama hapo. Nilimsikia akipumua.

Nilikuwa nimeusoma mstari huo asubuhi nyingi. Kuusikia sikuwahi. Nilikaa juu ya gunia la viazi, simu imebanwa sikioni, maziwa yakapanda yakamwagika jikoni pote na mpishi akakimbilia sufuria. Nje mgeni aliita akitaka chai, akaita tena.

"Soma tena," nikamwambia binti yangu. "Anzia pale pa mwarimu."